Ndoa, Dini na Kipigo cha Nyumbani

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, mwanamke anayepigwa na mumewe haanzii polisi. Anaanzia kwa wazazi, kwa somo yake au kwa wasimamizi wa ndoa, na hao wakishindwa anapelekwa kwa mchungaji, kwa paroko au kwa shehe. Nchini Tanzania hata sheria inampitisha njia hiyo hiyo. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakiruhusu shauri la talaka kufunguliwa mahakamani mpaka wanandoa wapite kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kanuni hiyo inalegezwa katika hali chache tu, ikiwemo pale mahakama inaporidhika kwamba mazingira si ya kawaida na kupita barazani haiwezekani. Mengi ya mabaraza hayo ni ya makanisa na ya BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, mengine ni ya kata. Kwa hiyo anachokiamini kiongozi wa dini kuhusu ndoa kina uzito mkubwa katika maisha ya waumini wake: ndicho kinachoamua kama mwanamke mwenye jicho lililovimba atapelekwa hospitali, au atarudishwa nyumbani jioni ile ile akiwa na maneno ya busara.

Ukubwa wa tatizo lenyewe unajulikana. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti wa nchi 10, Tanzania ikiwa mojawapo. Kati ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 jijini Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya walikwisha kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu na wenzi wao. Miaka kumi baadaye, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 uliwauliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mkewe akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kumwambia, akiwapuuza watoto au akimnyima unyumba. Wanawake waliokubali angalau sababu moja walikuwa asilimia 58. Wanaume walikuwa asilimia 40.

Tofauti hiyo ya wanawake na wanaume inastahili kutazamwa vizuri. Wanawake ndio wanaoumia, na bado ndio waliokubali zaidi kwamba kipigo kina haki yake. Hawakuzaliwa na wazo hilo. Walifundwa na mama zao na bibi zao, wakalisikia tena kwenye unyago na kwenye kitchen party, kisha wakaambiwa kanisani au darsani kwamba ndivyo Mungu alivyopanga nyumba. Wazo lililoingia kwa njia zote hizo halitoki kwa bango la kampeni lililobandikwa kwenye ukuta wa zahanati.

Dini siyo chanzo pekee cha kipigo, na kusema kwamba ndiyo chanzo pekee kungekuwa uzushi. Pombe ipo, ugumu wa maisha upo, wivu upo, na yapo mazoea ya kabila yaliyokuwapo kabla ya misikiti na makanisa kujengwa. Mahari nayo ina sehemu yake, kwa kuwa ndugu waliokula mahari hawapendi kuirudisha. Lakini imani ina nguvu ambayo hayo mengine hayana. Mlevi anajua kwamba alilewa, na asubuhi anaweza kuona haya. Mtu anayeamini kwamba Mungu amemkabidhi mkewe amnyooshe hana sababu ya kuona haya.

Fundisho linalosikika zaidi ni lile la mume kuwa kichwa cha nyumba. Wakristo wanalichukua hasa kutoka sura ya 5 ya Waraka wa Paulo kwa Waefeso, ambako wake wanaagizwa kuwatii waume zao. Mstari wa 22, wenye agizo hilo, ni mashuhuri. Mstari wa 21, unaowataka waumini wote watiiane wao kwa wao, haupati umaarufu huo. Na ule wa 25, unaomdai mume upendo wa kiwango cha Kristo aliyekufa kwa ajili ya Kanisa, husomwa siku ya harusi kisha husahaulika keki inapokatwa. Anayesikiliza mahubiri ya ndoa mwaka mzima ataona jinsi wajibu wa mke unavyofafanuliwa kwa mifano ya kila siku (chakula, usafi, lugha, ruhusa ya kutoka), huku wajibu wa mume ukitajwa kwa neno moja la jumla, apende. Mke anapewa orodha inayoweza kukaguliwa. Mume anapewa jambo la moyoni ambalo hakuna mzee wa kanisa anayelikagua.

Kwa Waislamu mjadala unazunguka aya ya 34 ya Sura An-Nisaa. Inawaweka wanaume kuwa wasimamizi wa wanawake kwa sababu ya matumizi wanayoyatoa, kisha inataja hatua za kufuatwa mke anapohofiwa kuwa mwasi: kumnasihi, kumhama kitandani, na mwisho kumpiga. Wanazuoni wa tangu zamani hawakuiacha hatua hiyo ya mwisho wazi. Ibn Abbas, sahaba aliyesifika kwa tafsiri ya Kurani, alipoulizwa ni kipigo cha namna gani, alisema ni kwa mswaki au kitu mfano wake. Ata bin Abi Rabah, mwanachuoni mkubwa wa Makka, alikuwa na rai kwamba mume asimpige mkewe hata akiasi. Imepokewa kwa Bibi Aisha kwamba Mtume hakumpiga kamwe mwanamke wala mtumishi. Sheria ya Kiislamu inakataza kupiga uso na kupiga kwa kuumiza. Yote haya yamo katika vitabu vinavyosomeshwa Lamu, Mombasa na Unguja. Lakini mume anayerudi nyumbani na hasira hakumbuki mswaki. Anakumbuka kwamba kuna aya.

Hapo ndipo fundisho la ukichwa na usimamizi linapogeuka kuwa hatari, hata pale ambapo mwenye kufundisha hakukusudia ubaya. Mwanamume anayeamini kwamba ataulizwa na Mungu kuhusu nidhamu ya nyumba yake huona ubishi wa mkewe kuwa jambo la kuadhibiwa. Msamiati wenyewe unaonyesha: amemrudi mkewe, amemtia adabu, amemfundisha. Mke anawekwa daraja moja na mtoto wa shule. Na kikao kikikaa, swali la kwanza la wazee huwa ni kosa lililosababisha adhabu. Wakishaanza kumuuliza aliyepigwa alifanya nini, wamekwisha kukubali kwamba kuna kosa linaloweza kulipwa kwa ngumi.

Pwani fundisho hili lina sura yake, nayo ni radhi ya mume. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, aliyekuwa mjane wa mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake utendi maarufu takriban mwaka 1858, na ndani yake alimuusia jinsi ya kumtumikia mume ili apate radhi yake hapa na huko akhera. Utendi huo ni hazina ya lugha, na mama aliyeutunga alimpenda mwanawe. Wazo linaloubeba, kwamba pepo ya mwanamke imo mikononi mwa mumewe, limeishi muda mrefu kuliko enzi ya Siyu. Bado binti anayeozwa Tanga au Malindi anaambiwa na kungwi wake kwamba mume akilala na kinyongo, malaika hawamridhii mke. Mwanamke aliyelishika hilo akipigwa anajiuliza kwanza amemuudhi nini mumewe, kwa kuwa lililo hatarini kwake ni akhera, na michubuko ya leo itapona.

Fundisho la pili ni la ndoa kutovunjika. Kanisa Katoliki linalishika kwa uthabiti kuliko yote: ndoa halali ya wabatizwa wawili waliokwisha kukaa kinyumba haivunjwi na mamlaka yoyote ya kibinadamu. Makanisa ya kipentekoste hayana sheria ya kanisa iliyoandikwa kwa kirefu kama hiyo, lakini mengi yana msimamo mkali vilevile, na huko neno la mchungaji ndilo sheria. Baadhi ya wachungaji hutazama Injili ya Mathayo sura ya 19, wakaona kwamba sababu inayotajwa ya kuachana ni uzinzi peke yake, wakahitimisha kwamba kipigo hakimo. Matokeo yake ni ya kusikitisha sana: mwanamke aliyevunjwa mkono mara mbili anaambiwa hana sababu, na mwenzake ambaye mume alikutwa na mwanamke mwingine anaambiwa anayo.

Kisha yanakuja maombi na uvumilivu. Mke anaambiwa afunge, akeshe, amwombee mumewe, kwa kuwa Waraka wa kwanza wa Petro unatoa tumaini kwamba mume asiyeamini anaweza kuvutwa na mwenendo wa mkewe. Anaambiwa vita ni vya kiroho na adui ni shetani, siyo mume. Ushauri huu hutolewa kwa nia njema mara nyingi, na waumini wengi wamepata nguvu ya kuishi kwa sala. Lakini ukiupima kwa kinachotokea nyumbani, umefanya mambo mawili. Kazi ya kumaliza kipigo imehamishiwa kwa anayepigwa, na ikiwa hakikomi, basi imani yake ndiyo haba. Mwenye ngumi ameondolewa lawama, na lawama hiyo akatwishwa shetani. Msamaha nao unaingia kwa njia hiyo. Mume analia, anapiga magoti mbele ya kusanyiko, anasamehewa, watu wanapiga vigelegele, na hakuna anayekuja mwezi unaofuata kuuliza kama amepiga tena.

Namna hizi za kufikiri hukutana zote katika kikao cha usuluhishi. Kwa kawaida hukaa sebuleni kwa mzee au ofisini kwa mchungaji, na waliokaa kwenye viti vikubwa ni wanaume. Mume anaingia na kusalimiana nao kwa majina, maana ni wanakwaya wenzake au wanaswali safu moja. Mke anakaa pembeni amejifunga kitenge, na mkono wenye jeraha ameuingiza ndani ya kitenge. Anatakiwa aeleze mbele ya yule yule atakayelala naye chumba kimoja usiku huo. Anaeleza nusu. Mume anakiri kwamba alimsukuma kidogo kwa hasira, kisha anataja jinsi mkewe anavyojibu. Wazee wanawaonya wote wawili, wanawashikanisha mikono, inasomwa dua au sala, kikao kinafungwa. Njiani kuelekea nyumbani ndipo mke anapoulizwa kwa nini alikwenda kumwaibisha mumewe. Kikao kilichokusudiwa kumlinda kimempatia kosa jipya.

Mambo haya yalionekana wazi kwa Afrika nzima katika msiba wa mwimbaji wa injili wa Nigeria, Osinachi Nwachukwu, aliyesikika katika wimbo Ekwueme, ulioimbwa makanisani kuanzia Lagos hadi Nairobi. Alifariki tarehe 8 Aprili 2022 jijini Abuja. Baada ya kifo chake jamaa zake walisimulia miaka ya mateso ndani ya ndoa, na mama yake aliviambia vyombo vya habari kwamba alimsihi binti yake aondoke, naye akawa anamjibu kwamba Mungu hapendi talaka na kwamba inafaa kuvumilia. Mumewe, Peter Nwachukwu, alishtakiwa, na mwezi Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Abuja ilimtia hatiani na kumhukumu adhabu ya kifo. Osinachi hakuwa mwanamke wa kijijini asiyejua pa kwenda. Alikuwa na jina, kanisa, wapenzi wa nyimbo zake na mama aliyemwambia waziwazi arudi nyumbani. Kilichomzuia ni kile alichoamini kuhusu ndoa.

Na alichoamini, hata kwa kipimo cha dini zenyewe, hakikuwa fundisho kamili. Hili ndilo linalopaswa kusemwa kwa sauti, kwa sababu wanawake wengi wanabaki ndani ya hatari wakidhani kwamba kutoka ni kumwasi Mungu.

Tuanze na Kanisa Katoliki, linaloonekana kufunga mlango kuliko yote. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 1153, unasema kwamba mwanandoa anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili amempa sababu halali ya kuondoka. Ruhusa hutolewa na askofu, na ikiwa kuchelewa ni hatari, aliye hatarini anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Katekisimu, aya ya 2383, inakubali kwamba hata talaka ya serikali inaweza kuvumiliwa ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani au malezi ya watoto. Mwaka 2016 Papa Francis aliandika katika waraka wake Amoris Laetitia kwamba kuna hali ambazo kutengana kunakuwa ni lazima kimaadili, ili kumwokoa mwenzi aliye dhaifu au watoto. Kifungo cha ndoa hakivunjwi kwa kutengana, na mke aliyetengana bila kuolewa tena hazuiwi kukomunika. Katika jumuiya ndogondogo wangapi wanalijua hili? Mwanamke aliyehama nyumba kwa kuokoa maisha yake hutazamwa kama aliyetenda dhambi, na mara nyingine mwenyewe anajizuia kukomunika kwa kutojua.

Uislamu una milango mingi zaidi, na iko wazi tangu mwanzo. Aya ya 35 ya Sura An-Nisaa, inayofuata mara moja ile ya 34, inataka waamuzi wawili, mmoja kutoka kwa watu wa mume na mmoja kutoka kwa watu wa mke. Sura Al-Baqara inakataza kumshikilia mke kwa nia ya kumdhuru. Mke ana haki ya kujivua kwa khului, kama alivyofanya mke wa Thabit bin Qays mbele ya Mtume, kwa kumrudishia mumewe bustani aliyompa kuwa mahari. Kadhi naye ana uwezo wa kufasikhi ndoa, yaani kuivunja. Madhehebu ya Shafii, wanayoyafuata Waislamu wengi wa pwani yetu, yalikuwa na sababu chache za faskhi, wakati Wamaliki waliupanua mlango huo kwa ajili ya madhara. Hata hivyo makadhi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakipokea mashauri ya wanawake wanaoteswa. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Susan Hirsch, aliyefuatilia mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1998, aliona kwamba wengi wa waliofungua mashauri walikuwa wanawake, na kwamba mara nyingi walishinda. Mwanamke wa pwani, ambaye nyumbani hutakiwa anyamaze ili kuhifadhi stara, alikuwa akisimama mbele ya kadhi na kuyataja yaliyompata.

Ni kweli kwamba khului humgharimu mke. Anayeipata kwa kurudisha mahari amenunua uhuru wake kwa mtu aliyemdhulumu, na wapo waume wanaompiga mke makusudi mpaka aiombe mwenyewe, ili wao wasitoe kitu. Shehe anayemwelekeza mke aliyejeruhiwa kwenye khului bila kumtajia faskhi kwa madhara amemtwisha mzigo usiokuwa wake.

Sheria za nchi zimejaribu kufika mahali ambapo mimbari haifiki, na mara kadhaa zimesimama njiani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania kinasema bila kuzunguka kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo, na kinatumika kwa ndoa zote, za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za serikali. Kiliwekwa mwaka 1971, na bado wazee wengi wa mabaraza hawakijui. Ukatili ni moja ya dalili ambazo mahakama inazitazama katika kuamua kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Uamuzi huo ulimpunguzia mwanamke hofu kubwa inayomfunga kuliko mahubiri yoyote, hofu ya kutoka mikono mitupu.

Kuhusu unyumba wa nguvu sheria imekuwa na kigugumizi. Kwa Tanzania, mume hawezi kushtakiwa kwa kumbaka mkewe ila wakiwa wametengana. Kenya ilipitisha mwaka 2015 Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, inayotaja ukatili wa kingono ndani ya ndoa, lakini Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 iliwaondoa wanandoa halali katika sehemu ya makosa yake. Nyuma ya kigugumizi hiki liko wazo kwamba ridhaa hutolewa mara moja tu, siku ya kufunga ndoa. Wazo kama hilo lilisikika pia katika suala la umri. Mwanaharakati wa Tanzania, Rebeca Gyumi, alipoyapinga mahakamani masharti yanayoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, na Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2016, Serikali ilikata rufaa na miongoni mwa hoja zake kulikuwa na mila na dini. Mahakama ya Rufani ilimpa Gyumi ushindi tena Oktoba 2019. Msichana aliyeozwa na miaka 15 kwa mtu mzima, akiwa amefundishwa utii kabla ya kumaliza shule, hana nafasi ya kuwa na neno ndani ya nyumba hiyo.

Wapo watakaosema kwamba dini ndiyo iliyowatoa wanaume wengi kwenye ulevi na ugomvi. Wanasema kweli. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Buhaya na Kenya, uliwafanya wanaume wasimame hadharani kuungama pombe, uzinzi na ukali wao nyumbani, na wake wa walokole wengi walipata nafuu. Mwanasosholojia Bradford Wilcox wa Marekani, katika kitabu alichochapisha mwaka 2004, alionyesha kwamba Waprotestanti wa kihafidhina wanaohudhuria ibada kila mara walikuwa na kiwango cha chini kabisa cha kupiga wake zao, wakati wenzao wa imani hiyo hiyo wasiohudhuria walikuwa na kiwango cha juu kuliko wote. Hao wa pili walikuwa wamebaki na ukichwa, wakaacha upendo na watu wa kuwauliza. Lakini isidhaniwe kwamba kuhudhuria ibada kunatosha. Kanisa la Anglikana la Australia lilipowachunguza watu wake na kutoa matokeo mwaka 2021, lilikuta kwamba ukatili wa wenzi miongoni mwao ulikuwa sawa na wa jamii nzima au kuuzidi. Kanisa hilo lilijichunguza lenyewe na halikuficha lilichokikuta, na ni ujasiri ambao dini chache za kwetu zimeuonyesha.

Kwamba mabadiliko yanawezekana kupitia dini yenyewe, ushahidi uko karibu. Katika mkoa wa Ituri, mashariki mwa Kongo, shirika la Kikristo la Tearfund pamoja na HEAL Africa walifanya kazi katika vijiji 15 kati ya mwaka 2015 na 2018. Waliwafundisha viongozi wa dini 75, Wakristo na Waislamu, kuyasoma upya maandiko yao kuhusu mume na mke, kisha wakaendesha mazungumzo ya vikundi vya wanaume na wanawake kwa wiki kadhaa. Kabla ya mradi, wanawake 69 kati ya 100 walisema walifanyiwa ukatili na wenzi wao katika miezi 12 iliyopita. Baada yake walikuwa 29. Hapakuwa na vijiji vingine vya kulinganishia, kwa hiyo siyo punguzo lote linaloweza kuhesabiwa kuwa ni la mradi. Mradi wa SASA! jijini Kampala, ambao haukuegemea dini, ulipimwa kwa kulinganisha mitaa iliyopata mafunzo na ile ambayo haikupata, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kipigo cha mwaka uliotangulia kikiwa chini kwa asilimia 52. Baadaye waanzilishi wake walitoa toleo la kutumiwa makanisani na misikitini.

Wapo pia wanaume wanaopigwa na wake zao, na aibu yao ni kubwa kwa sababu ya fundisho lile lile: kichwa cha nyumba hakipigwi, kwa hiyo akipigwa hasemi. Ni wachache zaidi, na wanastahili kusikilizwa kwa namna ile ile.

Kiongozi wa dini anayejiwa na mtu aliyepigwa anaweza kufanya mambo kadhaa yasiyogusa hata nukta moja ya imani yake. Amsikilize peke yake kabla ya kumwita mume. Asimwambie mume alichoambiwa. Amuulize kama kuna silaha nyumbani, kama watoto wako salama, na kama anaogopa kurudi. Amsindikize kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto apewe fomu ya PF3 ya kupeleka kwenye matibabu, kisha hospitali, na suluhu ingoje. Mume akitubu, apewe masharti na mtu wa kumfuatilia, na mke asilazimishwe kurudi kwa sababu ya machozi ya siku moja. Mimbari ifundishe pia kanuni ya 1153, khului na faskhi, kama inavyofundisha utii. Na ndugu, majirani na wasimamizi wa ndoa waache kumrudisha mwanamke aliyekimbia usiku na watoto mgongoni. Wampokee, wamfungie mlango, kikao kikae baadaye. Tanzania, Dawati la Jinsia na Watoto linapatikana kwenye vituo vya polisi. Kenya, simu ya bure kwa wanaofanyiwa ukatili ni 1195, nayo inapokelewa saa 24.